Skatingi za nyumba ya Mwanza: jua kwanza maji yanatoka wapi

Aprili 2020 nilisogeza kochi la sebuleni nifagie nyuma yake, kidole kikagusa skatingi, ule ukanda unaobandikwa chini ya ukuta, ikabonyea. Nikaibonyeza tena kwa kidole gumba, kikazama kama kwenye andazi lililosahaulika ndani ya chai. Juu rangi nyeupe ilikuwa bado inang'aa. Chini ilikuwa imepasuka mistari mistari, na humo kwenye nyufa mlionekana unga wa kahawia uliolowa. Nilivuta kipande kikatoka chenyewe, bila bisibisi. Ukuta nyuma yake ulikuwa mweusi kwa fangasi, na mchwa walishajenga njia yao ya udongo, nene kama kalamu, kutoka kwenye ufa wa sakafu hadi usawa wa goti.

Skatingi hizo zilikuwa na miezi 14 tu. Nakuandikia wewe unayemalizia nyumba yako huku kanda ya ziwa, ambaye umebakiza rangi, milango na huo ukanda wa chini ya ukuta unaoonekana kama urembo tu. Mimi nimeubandika mara tatu kwenye nyumba moja.

Nyumba yangu iko Nyegezi, mlimani. Unajua viwanja vyetu vilivyo: unachonga mteremko, nyuma unabaki na kingo ya udongo na mawe, mbele unatazama ziwa. Skatingi za kwanza nilichukua za MDF. Dukani niliambiwa hazipitishi maji, nami nilizipenda kwa sababu zimenyooka, zina nakshi kwa juu, na kazi yote inaisha kwa siku moja. Mzee wa Kisukuma aliyekuwa ananipigia rangi alikishika kipande, akakigeuza, akasema, "Mayu, hii ni karatasi." Nilidhani anakataa vitu vipya tu. Kumbe alikuwa ameniambia ukweli wote kwa maneno matatu. MDF ni nyuzi za mbao zilizosagwa, zikachanganywa na gundi na kukandamizwa kwa joto. Rangi inalinda uso, lakini mgongo na ule ukingo wa chini ulikokatwa hubaki wazi, na nyuzi zile hufyonza. Zikishavimba hazirudi, hata ukizianika wiki nzima. Ipo ile ya kijani inayostahimili unyevu. Hiyo inavumilia hewa yenye unyevunyevu, siyo maji yanayotuama miguuni mwake kila asubuhi.

Na hapo ndipo ushauri mwingi wa mtandaoni unapotupotosha. Umeandikwa na watu wanaopangusa sakafu kwa kitambaa kibichi, au wana zulia ukuta hadi ukuta. Sisi tunadeki. Ndoo, sabuni ya unga, maji yanamwagwa chini na kusukumwa kwa mpira hadi mlangoni, na kila mara mpira unapogonga ukuta, wimbi dogo linaingia nyuma ya skatingi. Fanya hivyo siku 300 kwa mwaka. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo joto letu si lile la Dar. Lakini tuna vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, tuna masika kuanzia Machi hadi Mei, na ziwa halikauki hewani. Kitu kikilowa Novemba, usitegemee kikauke Januari.

Basi nikang'oa MDF zote nikaweka tailizi. Kijana aliyezibandika alinihakikishia, "Mama, tailizi haiozi." Ni kweli haiozi. Lakini masika yaliyofuata, ukuta wa nyuma, ule unaotazama mlima, rangi ilianza kuvimba malengelenge juu kidogo ya tailizi, kama sentimita 20 kutoka sakafuni. Ukilipasua lengelenge kwa kucha linamwaga unga mweupe mwepesi wenye ladha ya chumvi. Tailizi zenyewe zilikuwa nzima kabisa, hazina hata alama. Nilikaa chini nikautazama ule ukuta kwa muda mrefu, nikaelewa nilichokuwa nafanya miaka miwili: nabadilisha kiatu wakati mguu ndio una jeraha.

Maji yaliyomo ndani ya ukuta yana njia moja tu ya kuondoka, nayo ni kukaukia kwenye uso wake. Ukiziba sentimita 10 za chini kwa kitu kisichopitisha maji, yatapanda juu na kutokea pale ulipoishia. Ndiyo maana kupaka rangi ya mafuta hadi kiunoni "kuzuia unyevu" huwa kunaupeleka unyevu kifuani. Maji yanaondoka, chumvi ya udongo na simenti inabaki, inajikusanya chini ya rangi na kuibandua.

Kwa hiyo kabla hujaenda dukani, pima. Chukua kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike sakafuni kwa selotepu pana pande zote nne, pasipite hewa. Kiache siku nzima, saa 24. Ukikuta matone upande wa chini wa nailoni, au sakafu imekolea rangi, maji yanatoka ardhini. Kwa ukuta tumia karatasi ya foili ya jikoni, ibandike vilevile. Matone yakitokea nyuma ya foili, upande wa ukuta, maji yamo ukutani. Yakitokea mbele, upande wa chumba, basi ni hewa yako nzito, na dawa yake ni madirisha kufunguliwa. Pima masika. Ukipima Agosti kila nyumba ni kavu.

Nyumba mpya ina maji yake yenyewe pia. Kanuni inayotumika kwa sakafu ya simenti ni siku moja ya kukauka kwa kila milimita moja ya unene, na ikizidi milimita 50 inachelewa zaidi. Kwa hiyo sakafu ya sentimita 5 inataka karibu miezi miwili kabla hujaipa mbao jirani. Mafundi wetu wanapiga sakafu Jumatatu, Ijumaa wanabandika skatingi kwa sababu wewe unataka kuhamia mwisho wa mwezi. Usikubali, na usiwaharakishe.

Kama nyumba bado iko kwenye msingi, una bahati ambayo mimi sikuwa nayo. Hakikisha nailoni nzito imetandikwa chini ya jamvi, yaani lile zege la sakafu, kabla halijamwagwa, isiyo na matundu, na maungio yake yamepandana vizuri. Hakikisha kuna tabaka la kuzuia unyevu kati ya msingi na tofali za ukuta, angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Na dawa ya mchwa inyunyizwe kwenye kifusi wakati huohuo, maana baada ya hapo utakuwa unawafukuza kupitia nyufa. Simama pale mwenyewe siku ya jamvi. Nailoni ikishafunikwa na zege, hakuna atakayejua kama ilikuwepo.

Mimi nilichelewa, nikalipia uchelewaji wangu kwa jasho la vijana wawili na wiki tatu. Nyuma ya nyumba, ule udongo wa mlima ulikuwa umeporomoka kidogo kidogo hadi ukawa juu kuliko sakafu yangu ya ndani. Ukuta wangu ulikuwa unazuia mlima! Tukauondoa udongo hadi ukawa chini ya usawa wa sakafu. Tukachimba mtaro ndani zaidi ya hapo, tukalaza bomba lenye matundu, tukalijazia kokoto, tukalitoa pembeni mwa nyumba kwa mteremko. Mvua ya kwanza ya vuli nilitoka na mwavuli kuangalia: maji yalikuwa yanatoka bombani kama ndoo iliyoinamishwa, na yaliendelea kutoka saa nyingi baada ya mvua kukatika. Maji yote yale yalikuwa yanaingia sebuleni kwangu, taratibu, kupitia ukutani. Ndani tulibandua lipu iliyooza hadi mita moja juu, tukauacha ukuta uchi kiangazi chote kilichofuata, Juni hadi Septemba. Haukuwa mzuri kutazama, wageni walikuwa wanauliza. Tukapiga lipu mpya, tukapaka rangi ya maji, siyo ya mafuta, ili ukuta uendelee kupumua.

Baada ya hapo ndipo swali la skatingi gani linapokuwa na maana.

Kwa jiko, bafu, korido, veranda na chumba chochote kinachodekiwa kwa maji mengi, weka tailizi za poseleni. Usichukue zile za ukutani kwa sababu zimebaki. Poseleni hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, wakati tailizi nyingi za ukutani hunyonya zaidi ya asilimia 10. Dukani, geuza tailizi, dondoshea matone ya maji mgongoni, hesabu hadi 60. Maji yakizama, irudishe.

Tailizi moja ya sentimita 60 kwa 60 inatoa vipande sita vya karibu sentimita 10, yaani mita 3.6 za skatingi. Chumba cha mita nne kwa nne chenye mlango wa sentimita 90 kinataka vipande 26, kwa hiyo tailizi tano zinatosha na kubakiza vya kuvunjika. Ila jambo moja mafundi hawakwambii: kati ya vipande hivyo sita, ni viwili tu vyenye ukingo wa kiwandani. Vingine vinne vimekatwa pande zote mbili, na ule ukingo uliokatwa ukikaa juu unachubua na unashika uchafu. Mwambie fundi alainishe kingo kwa jiwe la grenda, kazi ya jioni moja, au nunua skatingi zilizotoka kiwandani zimekatwa tayari. Gundi ipakwe mgongo mzima. Wengine huweka madonge matano kama ugali kwenye sahani. Kati ya madonge kunabaki mapango, maji ya deki yanaingia humo na mende wanahamia. Gonga kila kipande kwa ukucha siku inayofuata, kikilia wazi kitolewe. Na ule mwanya kati ya skatingi na sakafu, acha milimita mbili au tatu, ujaze silikoni badala ya grauti (ile simenti ya kujazia mianya ya tailizi), kwa sababu sakafu na ukuta havitembei pamoja na grauti hupasuka hapo kwanza.

Vyumbani kwangu, ambako ukuta ulipimwa ukawa mkavu, niliweka mninga, na ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote ndani ya nyumba hii. Mninga hausinyai sana ukikauka, na moyo wake mchwa hawaupendi. Sisitiza hilo neno, moyo. Ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo haina ulinzi huo, wadudu wanaitoboa na kuacha vilima vya unga laini kama poda sakafuni. Ubao wenye mstari mweupe pembeni, ukatwe mstari huo au usinunuliwe. Dai risiti na kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) pia, kwa ajili ya misitu yetu na kwa ajili yako.

Zilaze mbao ndani ya chumba zitakapokaa, zikiwa na vijiti katikati, wiki mbili au tatu, ndipo zirandwe. Vanishi au rangi ipakwe pande zote, nikimaanisha mgongo, kingo na zile ncha mbili za kukatwa, kwa sababu ncha hunywa maji kuliko uso. Fundi ataudhika kwamba unampakisha mahali pasipoonekana. Muudhi tu. Zifungwe kwa skrubu na fisha, siyo gundi, ili siku ukishuku mchwa ufungue, uangalie, urudishe. Ziinuliwe milimita tano kutoka sakafuni, mwanya ujazwe silikoni. Mbao za paini zisizotiwa dawa ziache kabisa, huo ni mlo.

PVC haiozi wala hailiwi, na kwa nyumba ya kupanga inafaa. Lakini inatanuka na joto: kipande cha mita tatu kikipigwa jua la dirishani na kupanda nyuzi 20 kinaongezeka karibu milimita nne, na usipoacha nafasi kwenye kona kitapinda na kubanduka. Zilizo na uwazi ndani zizibwe ncha, la sivyo sisimizi watakushukuru.

Na kama fedha imeisha, usione aibu kurudi kwa wazee wetu. Ule ukanda wa simenti uliopigwa niru (simenti tupu iliyolainishwa juu), sentimita 15 kwenda juu, na chini umeungana na sakafu kwa kona ya mviringo bila mwanya wowote. Umejaa kwenye nyumba za zamani za mji huu na bado umesimama. Mimi naona unadharauliwa bure. Kwa ukuta mkavu na nyumba inayodekiwa, ningeuchagua kabla ya MDF yoyote, hata kama MDF ningepewa bure.

Ukinunua tailizi, bakiza mbili za ziada za boksi lenye namba ileile ya toleo, uzihifadhi stoo. Mwaka unaofuata duka litakuwa na jina lilelile na rangi tofauti kidogo, na hiyo tofauti utaiona kila siku.