Sahani ghali au za bei ya chini? Jibu kwa aliyeuliza kuhusu seti ya vipande 24

Ndugu uliyeuliza kutoka Kakamega, nimesoma swali lako na majibu yaliyofuata. Umesema mama watoto ameipenda seti ya vipande 24 aliyoiona supamaketi, bei yake kwako ni ya mbuzi mzima, na sokoni umeona dazani nzima ya sahani kwa bei ya kuku. Unataka kujua kama tofauti ipo kweli au ni jina tu mnauziwa. Mmoja amekujibu kwamba chakula ni kile kile hata ukikila kwenye jani la mgomba, mwingine amekuambia usimwaibishe mke mbele ya wageni. Wote wawili hawajagusa sahani yenyewe.

Mimi napika kwa sherehe hapa Kisumu na kukodisha vyombo, harusi na matanga, kuanzia Ahero hadi Mbale huko Vihiga. Sahani ndizo zinazonilipia kodi. Jibu langu ni kwamba tofauti ipo, ila iko kwenye udongo na moto, haiko kwenye idadi ya vipande wala kwenye ukingo wa dhahabu. Seti hiyo iacheni. Sahani nzuri nunueni.

Nianze na moto, kwa sababu ndio unaolipiwa. Sahani ya udongo wa kawaida huchomwa kwenye joto la nyuzi 1000 hivi, au zaidi kidogo. Kauri halisi hupelekwa hadi nyuzi 1200, nyingine karibu 1400, na hapo udongo unayeyuka kiasi na kushikana hadi ndani, haunywi maji tena. Wewe ukija Kisumu unapita Ilesi, pale vyungu vinapouzwa kando ya barabara. Chungu cha Ilesi kinakunywa maji na kutoa jasho, na hilo jasho ndilo linalopoza maji ya kunywa. Kwa chungu hiyo ni sifa. Kwa sahani ni balaa. Sahani ya udongo mwepesi imepakwa juu rangi ya kung'aa, glezi, na mradi glezi ni nzima hutaona shida. Siku ukingo ukimeguka, mchuzi wa samaki unaingilia hapo. Baada ya muda utaona mistari myembamba kama nywele imetapakaa chini ya glezi, na ukiinusa sahani kavu kabatini inanuka omena ya wiki iliyopita. Mwenye maikrowevu atagundua jambo jingine: sahani inatoka ya moto hadi inaunguza vidole, na ugali ulioko juu bado baridi. Ni yale maji yaliyojificha ndani ya udongo yanayochemka.

Waliotembelea magofu ya Gede kule Pwani wameona vipande vya vyombo vya Uchina vilivyofukuliwa. Vimekaa ardhini mamia ya miaka, mvua na chumvi juu yake, na glezi bado inang'aa. Huo ndio moto ninaousema.

Sasa utajuaje sokoni, wakati muuzaji anakuapia kila kitu ni kauri? Usisome kibandiko. Igeuze sahani uangalie ile duara ya chini inayokalia meza. Mara nyingi pale hapana glezi, udongo uko uchi. Lowesha kidole kwa mate au maji, upake. Maji yakinywewa papo hapo na kuacha doa jeusi, huo ni udongo mwepesi. Yakikaa juu kama yalivyo, moto ulifika. Kisha ishike katikati chini kwa ncha za vidole vitatu, uigonge ukingo kwa kucha. Nzuri inalia na mlio unakaa hewani. Yenye ufa, hata ufa usioonekana, inasema "tak" na kunyamaza. Washa taa ya simu nyuma yake. Kauri nzuri isiyo nene inapitisha mwanga, utaona kivuli cha vidole vyako, ingawa zile nene za mahoteli hazipitishi na bado ni imara, kwa hiyo hili lisikuamulie peke yake. Mwisho panga sita moja juu ya nyingine uziangalie kwa ubavu. Zikiwa zimekaa kama chapati za mtoto anayejifunza, huyo mtengenezaji hata tanuri lake halimtii.

Muuzaji atakununia. Mwache anune.

Kuna kauri ya bei ya juu kabisa, bone china, ambayo ndani yake mna majivu ya mifupa ya ng'ombe, ufundi ulioboreshwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18. Ni nyembamba, nyeupe ya maziwa, nyepesi mkononi, na watu huiogopa wakidhani itavunjika ikitazamwa vibaya. Kumbe ni ngumu kuliko sura yake. Mimi sina ya kukodisha, lakini mteja wangu mmoja wa Milimani anazo na anakulia kila siku, na ukingo wake hauna pengo. Tatizo lake ni moja: nyingi huuzwa na urembo wa dhahabu. Dhahabu hiyo hupakwa juu ya glezi, ikachomwa tena kwa moto mdogo, kwa hiyo iko nje, haina kinga. Msichana wa kazi akiisugua kwa waya wa sufuria, mwaka hauishi imekuwa madoadoa. Na maikrowevu haiitaki kabisa, inatoa cheche. Ukinunua ghali, nunua nyeupe tupu.

Watu wengi humu wamesifu zile nyeupe nyepesi za glasi, familia ya Arcopal na Corelle. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Ni glasi iliyotiwa weupe, zile nzuri zimekazwa kwa joto, hazinywi chochote, hazinuki, zinapangika nyingi mahali padogo. Kwa nyumba ya kupanga yenye kabati moja, ningekuambia chukua hizo na ufunge uzi huu wa mjadala. Kasoro yake ni namna zinavyokufa. Sahani ya kauri ikianguka hupasuka vipande vinne vitano, unaokota. Hii ikigonga sakafu kwa ukingo inalipuka, na vijisindano vyake utavipata chini ya kochi mwezi ujao, kwa mguu. Mwenye mtoto anayetambaa afikirie.

Melamini ndiyo wengi mnaiita "sahani ngumu za plastiki". Nimeona mmoja ameandika kwamba ni sumu, mwingine kwamba haina neno. Sahani hizo hutengenezwa kwa kemikali mbili, melamini yenyewe na fomaldehidi, na kinachoamua ni joto. Matunda, mkate, wali uliopoa kidogo, sawa. Chai inayochemka, supu ya moto yenye ndimu, hapana, kwa sababu joto na uchachu ndivyo vinavyoitoa kemikali kidogo kidogo. Maikrowevu kabisa usithubutu. Ikishapoteza mng'aro na kujaa mikwaruzo ya kisu, istaafishe. Hata hivyo nakiri (bila aibu) kwamba rundo langu kubwa ni la melamini. Matanga ya watu mia tano huwezi kuyapelekea kauri. Vyombo vinaoshwa usiku kwenye majani, beseni tatu, taa moja ya jenereta, na mtu anatupia sufuria ya maharagwe juu ya sahani kama anatupa kuni. Nyingine zinaondoka na wageni zikiwa zimefunikwa na kitambaa. Kwa kazi hiyo sahani bora ni ile ambayo ikipotea hulii.

Hapo ndipo ninapotaka ulielewe jambo ambalo wauza seti hawatakuambia. Pesa inanunua ukinzani wa kuchakaa, hainunui ukinzani wa kuanguka. Kwenye terazo au simenti tupu, sahani ya shilingi mia na ya elfu zinakufa kifo kimoja. Kwa hiyo jiulize sahani za nyumbani kwako huwa zinaishaje. Kama watoto ndio wanaozibeba na kila mwezi moja inaanguka, nunua za bei ya chini bila kuona haya, hata za enameli, zile za bati lenye rangi ambazo bibi zetu walizitumia mpaka rangi ikabanduka. Kama zinakufa polepole, ukingo kumeguka, glezi kufifia, harufu kuingia, hapo sahani nzuri inalipa. Tuseme ya 100 unaitupa baada ya mwaka kwa sababu imechoka, na ya 400 inakaa miaka minane. Hesabu unaijua.

Kwangu mimi adui mkubwa ni beseni. Mzigo ukirudi, sihesabu tu, napitisha kidole gumba kuzunguka ukingo wa kila sahani. Pengo dogo la punje ya mtama jicho halilioni usiku, kidole kinalishika mara moja. Mapengo hayo yote huzaliwa kwenye kuosha, sahani chini, sufuria juu. Nyumbani mkianza kuosha glasi kwanza, sahani zikifuata, na sufuria mwisho kwenye maji yake, mtashangaa. Na ile mistari ya kijivu inayotokea kwenye sahani nyeupe, ambayo watu wanadhani ni mikwaruzo, mara nyingi ni chuma cha kijiko kilichobaki juu ya glezi. Bikaboneti ya soda na maji kidogo, kitambaa laini, inatoka.

Sasa hiyo seti yenyewe. Vipande 24 kwa kawaida ni sahani kubwa sita, ndogo sita, bakuli sita, vikombe sita. Hebu tuongee ukweli wa meza zetu. Ile kubwa ina upana wa sentimita 26 au 27 na ni bapa. Imetengenezwa kwa mtu anayekula viazi na nyama kwa uma. Iwekee samaki mzima wa Dunga, ufukoni kwetu Kisumu, aliyepikwa na nyanya, mkia uko nje, kichwa kiko nje, na ukimega ugali kwa mkono mchuzi unakimbilia kwenye kitambaa cha meza. Sisi tunahitaji sahani yenye kina, yenye kuta kidogo, na sahani moja ndefu ya umbo la yai ya kumlaza samaki katikati ya meza, pamoja na kubwa moja ya ugali. Hizo hazimo kwenye seti. Zile ndogo sita za kitindamlo zitakuwa zinafunikia maziwa. Vikombe navyo, kama ni vile vidogo vya sosa, mgeni wa Bungoma utamwongezea chai mara tatu kabla hajasema alichokuja kusema.

Ubaya mwingine wa seti ni kwamba huwezi kuiziba. Ikivunjika moja umebaki na tano, na dukani wameshaleta muundo mwingine. Mwanachama wa chama chetu cha vyombo (kile cha kila mwezi tunamnunulia mmoja) alipewa seti ya maua ya bluu, sasa anapokea wageni sita kwa sahani nne za maua na mbili za kuazima kwa jirani. Vyama hivi, kwa kweli, vimetujazia nyumba hotpoti na chupa za chai kuliko idadi ya watu tunaowalisha, lakini hayo ni ya uzi mwingine.

Vijiko nitavipitia haraka. Tafuta vilivyoandikwa 18/10 au 18/8, namba ya kwanza ni asilimia ya kromiamu kwenye chuma na ya pili ni ya nikeli. Vya 18/0 si vibaya, ila vinawahi kuota madoa ya kutu vikilala kwenye maji. Sumaku ya spika iliyokufa inasaidia kuchuja, maana vya 18/0 vinanasa kwa nguvu, ingawa kisichonasa si lazima kiwe kizuri. Ukikipinda kwa mkono na kikakubali, kirudishe.

Kuhusu mke, sitaki uende kumwambia kwamba mtu wa mtandaoni amekataa seti yake. Mimi pia ningeipenda, imepangwa vizuri chini ya taa za duka. Njooni pamoja soko la Kibuye hapa Kisumu Jumapili asubuhi, kabla jua halijawa kali, mje na chaji ya kutosha ya simu kwa ajili ya taa. Wapo wanaouza vyombo vya mitumba, na humo hupatikana kauri nzito ya mahoteli ya nje, nyeupe tupu, iliyochomwa vizuri, wala haihitaji kufanana yote. Mwache yeye achague umbo, wewe shughulika na mate na kucha. Mkipata muuzaji mwenye katoni nzima ya mpya, zenye kina, zinazouzwa moja moja, msichukue sita. Chukueni kumi na mbili hadi kumi na tano siku hiyo hiyo kutoka katoni hiyo hiyo, kwa sababu weupe wa mzigo ujao hautalingana na huu, na hizo za ziada zifungeni kwa gazeti chini ya kitanda. Kwa bei ya ile seti mtabakiwa na pesa ya sahani ndefu ya samaki na nauli ya kurudi.