Geji ya temperecha ikilala, usianze kwa kununua sensa

Wadogo zangu mnaoanza kushika gari za zamani, hili nawaambia mapema kwa sababu mimi lilinila siku tatu na sensa mbili mpya. Mshale wa geji ulikuwa umelala kwenye baridi, unaendesha saa nzima hauinuki, nikasema basi sensa, kile kidude kinachofungwa kwenye injini kupima joto la maji, imekufa, nikafunga mpya, vilevile, nikarudi dukani nikachukua nyingine, vilevile tu. Kumbe zote zilikuwa nzima. Aliyeifunga ile ya kwanza alizungushia hesi, ile mikato ya skrubu kwenye sensa, tepu nyeupe ya mafundi bomba, na mimi nikamfuata, tena raundi nyingi ili maji yasivuje. Sasa sensa ya waya mmoja inapata arthi, yaani njia ya umeme kurudi betri, kupitia hizo hesi zikigusa chuma cha injini, ukiziviringisha tepu hivyo umeme unakosa pa kupita na geji inabaki imelala.

Kwa hiyo elewa kwanza kinachofanyika mle ndani. Sensa ni kizuizi cha umeme kinachobadilika na joto, maji yakiwa ya baridi kizuizi kinakuwa kikubwa, yakipata moto kinashuka, umeme mwingi unapita na mshale unapanda. Hapo kipimo kinakuja chenyewe. Washa swichi bila kupiga stata, chomoa waya kwenye sensa, gusisha ncha yake kwenye chuma kisafi cha injini. Kwenye gari nyingi za zamani mshale unatakiwa upande hadi mwisho wa moto, na ukiutoa ushuke. Ukiona umefika juu toa haraka, usiuache hapo maana geji nyingine zinaungua. Ukipanda, geji na waya viko sawa, tatizo liko kwenye sensa au arthi yake. Usipopanda, acha sensa kabisa, fuata waya, terminali zenye kutu, fyuzi, halafu geji yenyewe.

Na angalia geji ya mafuta pia. Zote mbili zikidanganya kwa pamoja, shuku kile kidude cha nyuma ya dashibodi kinachopunguza volti, gari nyingi za Uingereza za zamani zinacho na kinatoa wastani wa volti 10 hivi. Kikifa kinaweza kupitisha volti zote za betri na geji zote zinasoma juu, watu wanafungua hadi silinda hedi bure.

Kuipima sensa yenyewe mimi naipenda njia ya sufuria. Ining'inize kwenye maji kwa waya, shaba yake iingie ila terminali ibaki juu, weka na kipimajoto, mguu mmoja wa mita ya umeme kwenye terminali mwingine kwenye mwili wa sensa, anza kuchemsha. Omu, yaani kipimo cha kizuizi, zinashuka taratibu kadiri maji yanavyopata moto, bila kuruka. Ikiruka, au ikakwama namba moja tu, hiyo imeisha. Namba kamili zinatofautiana gari na gari, ndiyo maana sensa inayoingia vizuri kwenye tundu bado inaweza kusoma uongo, lazima iendane na geji yako.

Kubadilisha ni kazi ndogo ila injini iwe imepoa kabisa, nisikilizeni hapo, kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kikiwa cha moto, maji yale yana presha na yanaunguza uso. Sensa mpya iwe mkononi tayari na washa yake, ile pete ya kuzibia. Mfuniko ukiwa umefungwa maji hayatoki kwa nguvu, unatoa ya zamani, unaziba na kidole, unaingiza mpya, unapoteza kikombe hivi. Tumia soketi ndefu inayokaa vizuri, shaba ni laini, na kama hedi ni ya aluminiamu anza kwa mkono, hesi zikiliwa ndio unajua kazi imekuwa kubwa. Tepu usiweke. Kama inafunga kwa washa, weka washa mpya, kama hesi zake zimechongoka zenyewe zinajiziba, kaza tu kwa kiasi. Na kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa, iliyomwagika ifute yote, ni tamu na ni sumu inayoua wanyama, mbwa na paka hawajui.

Mwisho jaza maji, toa hewa, maana povu la hewa likikaa pale kwenye sensa geji inasoma baridi huku injini inapata moto kweli. Washa, acha iungurume, shika hosi ya juu ya rejeta kwa tahadhari, geji ikipanda na tomostati, ile valvu inayopitisha maji kwenda rejeta yakipata moto, ikafunguka utaona mshale unashuka kidogo halafu unatulia.