Mila za wenyeji kwenye mafunzo ya walimu wakuu: zaidi ya ngoma na methali

Swali: Naandaa mafunzo ya walimu wakuu 24 wa shule za msingi Usukumani. Nimeagizwa nitumie mila za wenyeji. Ngoma ya ufunguzi na methali ninazo. Niongeze nini?

Jibu: Ngoma ibaki, ila haimfundishi mtu kuongoza shule. Chukua mila yenye utaratibu wa kuamua mambo. Kwenu ipo dagashida, mkutano wa jamii uliotumika pia kuweka masharti ya ngitili (maeneo ya malisho na miti yanayotengwa yapumzike) wakati mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza 1986, ukirudisha uoto Shinyanga. Mwalimu mkuu anauhitaji ustadi huo wa kuamua pamoja na watu kila anapoitisha kikao cha wazazi.

Tenga saa tatu za kuigiza kikao cha namna hiyo, makundi matatu ya watu wanane. Wape kisa kilichoandikwa: nusu ya wazazi hawajaleta mahindi ya uji. Mmoja awe mwalimu mkuu, mmoja mwenyekiti wa kamati ya shule, wawili wazee, watatu wazazi. Wa nane akae pembeni na daftari, aandike nani kasema, dakika ngapi, na uamuzi umetoka kinywani mwa nani. Anayesema hakatizwi. Mwalimu mkuu huzungumza mwisho.

Baada ya dakika 40, daftari lisomwe kwa sauti, kisha kisa kilekile kirudiwe. Usiuruke mzunguko wa pili. Kwenye ule wa kwanza wengi hutangaza uamuzi ndipo waombe maoni, na hawalioni kosa hilo hadi wasomewe.

Alika wazee wawili wa kweli wakosoe, mmoja awe mwanamke. Dagashida kiasili ilikuwa ya wanaume. Ukiiiga nzima nzima, walimu wakuu wanawake watajifunza kunyamaza. Pitia kisa na wazee siku moja kabla, la sivyo watatoa hotuba. Nauli na posho zao ziwe kwenye bajeti kama za wawezeshaji wengine.

Hatari kubwa ni faini. Dagashida hutoza, shule haina ruhusa hiyo. Chini ya Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 michango ni ya hiari, na mtoto hafukuzwi kwa sababu mzazi hakuchanga.

Maliza kwa kisa cha mwanafunzi aliyeposwa, bila kuwadokeza jibu. Atakayesema "tuwaite wazee wayamalize" asahihishwe hapohapo: tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, kumwoa mwanafunzi ni jinai yenye kifungo cha miaka 30. Mwalimu mkuu anaripoti polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, na kumjulisha Afisa Elimu Kata. Hapo hakuna kikao.