Maswali yenu: Luteni ni nani jeshini?

Kwenye gwaride la Mapinduzi nilimuona kijana ana nyota mbili begani, na watu wazima wanampigia saluti. Ana cheo gani? (Msomaji, Chake Chake)

Kama ni wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), huyo ni Luteni. Nyota moja ni Luteni Usu, tatu ni Kapteni. Saluti anapigiwa kwa sababu ya kamisheni, yaani uofisa anaotunukiwa na Rais akiwa Amiri Jeshi Mkuu. Luteni huongoza platuni, askari thelathini hivi, na mimi cheo hiki nakiheshimu sana: amri ikishatoka juu, yeye ndiye anayelala topeni na vijana wake. Pembeni yake huwapo sajenti aliyekula chumvi jeshini, na luteni mwenye busara humsikiliza.

Meja ni mkubwa kwa Luteni. Vipi basi Luteni Jenerali awe juu ya Meja Jenerali? (Mwalimu wa skuli, Wete)

Swali zuri, Mwalimu. Katika majeshi ya zamani ya Ulaya, luteni alikuwa naibu. Naibu wa kapteni ndiye Luteni, wa kanali ni Luteni Kanali, wa jenerali ni Luteni Jenerali. Meja Jenerali naye, Uingereza ya karne ya 17, aliitwa Sajenti Meja Jenerali, na alikuwa chini ya naibu huyo. Neno Sajenti likaanguka njiani, ngazi ikabaki palepale. Waeleze wanafunzi walinganishe cheo kizima.

KMKM nao ni jeshi hilohilo? (Msomaji, Mkoani)

Hapana. KMKM, Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo, ni kikosi cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ), kama Jeshi la Kujenga Uchumi (JKU). Mkuu wake huitwa Komodoo, cheo cha baharini kinacholingana na Brigedia Jenerali. Polisi nao wana nyota, lakini vyeo vyao ni Mkaguzi, Mrakibu na kuendelea. Tazama sare kwanza, ndipo uhesabu nyota.

Babu anasema John Okello alikuwa Fildi Mashali. Kweli? (Msomaji, Makunduchi)

Alijiita hivyo mwenyewe mwaka 1964, kwenye Mapinduzi ya Zanzibar aliyoyaongoza, na redioni akajitangaza kwa cheo hicho. Hakuna jeshi lililompa. JWTZ, iliyoundwa Septemba 1 mwaka huohuo, inaishia kwa Jenerali, ambaye ndiye Mkuu wa Majeshi.

Nikimwandikia barua Luteni Kanali, naweza kukata nikaandika Luteni tu? (Msomaji, Michenzani)

Usithubutu, utakuwa umemshusha ngazi tatu. Andika Luteni Kanali, kisha jina. Kama keshastaafu, ongeza (Mstaafu). Mkikutana ana kwa ana, "Afande" inatosha.