Kigawo au kigawe? Na 510,510 inasomwaje?

Mwalimu wa Kiswahili wa Masaka, Uganda, anauliza: "Mwanafunzi wangu kaandika '17 ni kigawe cha 510,510'. Mwenzangu wa hisabati anasema ilipaswa kuwa 'kigawo'. Kuna tofauti, au ni matamshi tu? Na namba yenyewe tuisomeje? Darasani kila mtu aliisoma kivyake."

Mwalimu, mwenzako yuko sahihi. Mtoto kateleza kwa irabu moja, lakini irabu hiyo imegeuza hesabu juu chini.

Yote mawili yametoka kwenye gawa. Kiishio -o mara nyingi hutupa chombo cha kutendea: kifuniko hufunika, kizibo huziba. Kiishio -e humtaja aliyetendwa: mtume katumwa, kiumbe kimeumbwa, mteule kateuliwa. (Mshindi na mshinde ni habari nyingine, lakini muulize mshinde, atakueleza -e inavyouma.) Basi 17 inagawa, ni kigawo, 510,510 inagawiwa, ni kigawe cha 17. Ukipata 30,030 bila baki, umethibitisha yote mawili kwa mara moja.

Ndiyo maana vitabu vya Tanzania vina Kigawo Kikubwa cha Shirika lakini Kigawe Kidogo cha Shirika (cha shirika, yaani kinachoshirikiwa na namba zote zinazohusika). Vigawo vya namba vina mwisho, kwa hiyo unatafuta kilicho kikubwa. Vigawe havina mwisho: 17, 34, 51, endelea mpaka uchoke. Hapo unatafuta kilicho kidogo.

Aliyetunga zoezi alichagua namba kwa makusudi. 510,510 ndiyo kigawe kidogo cha shirika cha namba tasa (zisizogawika ila kwa 1 na kwa zenyewe) saba za mwanzo: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na 17. Zizidishe zote, utaifikia. Zinaitwa tasa, lakini hizo saba zimeipatia namba hii vigawo 128! Tena tazama sura yake: 510 imeandikwa mara mbili. Namba yoyote ya tarakimu tatu ukiirudia hivyo umeizidisha kwa 1,001, na 1,001 ni 7 mara 11 mara 13. Mpe mtoto aandike 246,246 au nyingine aipendayo, kisha agawe kwa 7, kwa 11, kwa 13. Hatabakiza kitu.

Kuhusu kusoma: "laki tano, elfu kumi, mia tano na kumi." Wanafunzi wako walikwama, nadhani, kwa sababu laki hawaisikii sokoni. Mganda huhesabu kwa mitwalo, na mutwalo ni 10,000, hivyo 510,000 kwake ni mitwalo hamsini na mmoja. Anapohamia Kiswahili hulazimika kupanga upya mafungu kichwani. "Elfu mia tano na kumi, mia tano na kumi" si kosa, ila kwa sikio ni mtego: ukitua baada ya "elfu mia tano na kumi", mmoja ataandika 510,000 na mwingine 500,010. Laki huuondoa utata huo. Neno lina asili ya Kihindi, nasi tumelizoea zamani. Lifundishe bila kusita.

Na kwenye daftari la mtoto usikate sentensi nzima. Futa -e, weka -o.