Tundu linaonekana, MRI ya nini?

SWALI: Nimepasuliwa jipu kando ya njia ya haja kubwa mara mbili. Sasa pana kitundu kisichoacha kutoa usaha. Daktari anasema ni fistula, nikapige MRI kwanza. Tundu si analiona? Kwa nini asipasue tu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Fistula ni njia ya usaha inayotoka ndani ya njia ya haja kubwa hadi kwenye ngozi, na analoliona ni tundu la nje. Hajui la ndani liko wapi, wala njia inayoyaunganisha imepenyaje kwenye misuli miwili inayobana haja. MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ndiyo huonyesha hayo. Ikiwa imepita chini, huchanwa wazi ikapona. Ikiwa imepita juu, kuichana ni kukata msuli wenyewe, na unaweza kushindwa kuzuia choo na hata ushuzi. Hapo mara nyingi huanza kwa kupitisha uzi, setoni, ili usaha uendelee kutoka.

Fistula fupi ya juujuu, ya mara ya kwanza, huenda isihitaji MRI. Yako imeshajirudia, na sababu kubwa ya kujirudia ni tawi au kifuko cha usaha kilichoachwa ndani. Kovu la zamani nalo humpoteza daktari anapopapasa kwa kidole. Kwenye picha za MRI ambazo mng'ao wa mafuta ya mwili umefifishwa, usaha hung'aa mweupe, kovu kavu huwa jeusi.

Hakikisha fomu imeandikwa MRI ya fistula, si ya nyonga tu. Njia ya haja kubwa imelala mshazari, na picha lazima zifuate mlalo huo. Zisipoufuata, kimo cha tundu la ndani husomwa vibaya.

Kwa kawaida huhitaji kusafisha tumbo. Utalala chali kama nusu saa, bila kujitikisa, mashine ikigonga kwa kelele. Taja mapema betri ya moyo, kipande cha chuma mwilini (hasa jichoni), ujauzito, na ugonjwa wa figo, maana huenda ukachomwa dawa ya kung'arisha picha.

Ripoti husomwa kama uso wa saa ukiwa umelala chali: 12 ni mbele, 6 ni upande wa mkia, 3 ni kushoto kwako. Iseme tundu la ndani liko namba ngapi na kimo gani, msuli wa nje umeguswa kiasi gani, na kama kuna matawi au vifuko. Ikisema tu “kuna fistula”, omba irudiwe kusomwa. Picha si lazima zipigwe upya. Nenda kwa daktari na CD yenye picha zote, si karatasi peke yake.