Leza imepita, damu imerudi: kidonda cha tezi dume na bili zake

SWALI

Salaam aleikum daktari. Mimi ni mzee wa miaka 68, nimestaafu kazi ya bandarini, nakaa Likoni. Leo ni siku ya kumi na mbili tangu nifanyiwe upasuaji wa tezi dume kwa leza. Tezi ilikuwa imefika gramu 95, na nilikuwa nimekaa na mpira wa mkojo miezi miwili. Niliambiwa leza ni kulala usiku mmoja tu, na kweli nililala mmoja, mpira ukatolewa siku ya pili. Mkojo ulisafika kabisa. Juzi nikabeba mtungi wa maji kutoka kwa mwenye mkokoteni hadi jikoni, jioni damu ikarudi. Tena navuja kidogo nikikohoa au nikiinuka. Maabara ya mtaani wamesema mkojo una usaha, nikanunua dawa. Kijana wangu ndiye anayelipa: tulipewa bei moja, siku ya kutoka wakaongeza ya kupima nyama, na tangu hapo kila wiki ni pesa. Je, upasuaji umeharibika? Gharama hizi zitakwisha lini? Na kuna jambo la chumbani, naona haya kulisema: sasa hakitoki kitu.

JIBU

Aleikum salaam, na shikamoo mzee wangu. Kwa maelezo yako sioni dalili kwamba upasuaji umeharibika. Naona mtu aliyeambiwa habari ya wodini akaachwa bila habari ya nyumbani. Leza hupunguza siku za kulala hospitalini. Siku za kidonda kupona haizipunguzi, ni zile zile wiki nne hadi sita, wakati mwingine zaidi. Na bili nayo haiishii langoni mwa hospitali, hufuata kidonda mpaka kifunge. Ukilishika hilo, maswali yako yote utaona yana mzizi mmoja.

Tezi ya ukubwa wa yako, kwa kawaida leza huibandua nyama ya ndani yote na kuacha ganda lake, mfano wa nazi iliyotolewa mbata kikabaki kifuu. Mwale wa leza huziba mishipa ya damu huku ukikata, ndiyo maana hukutoka damu nyingi na mpira ukaondolewa mapema. Lakini ndani ya kile kifuu pamebaki kidonda kibichi ambacho mkojo unapita juu yake mchana na usiku. Kidonda hicho hufanya gamba kama kidonda chochote cha mguuni. Kuanzia siku ya kumi hivi mpaka wiki ya tatu au ya nne gamba hubanduka vipande vipande, na kila kipande kikibanduka damu kidogo huonekana. Wengi hushtuka hapo hapo, kwa sababu mkojo ulikuwa umeshakuwa mweupe.

Wewe ukaongeza mtungi. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji, na kuuinua kutoka chini lazima mtu azuie pumzi na kukaza tumbo. Mkazo huo hushuka moja kwa moja kwenye nyonga, gamba likang'oka kabla ya wakati wake. Najua shida ya maji ya Mombasa, mifereji inakauka na mwenye mkokoteni hangoji. Lakini mpaka wiki ya sita itimie, mtungi abebe kijana, na wewe uchote kwa jagi. Kukaza choo ni vile vile: mzee akikamia choo kigumu anaweza kutoka damu kuliko aliyebeba mtungi. Papai, mchicha, kunde na maji ya kutosha ni sehemu ya matibabu yako, na choo kikiwa kigumu hata hivyo, omba dawa ya kulainisha. Bodaboda pia iweke kando kwa wiki hizo, maana kila tuta la barabarani linakupiga pale pale penye kidonda.

Sasa rangi, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka uwe macho. Kojoa ndani ya chupa ya plastiki isiyo na rangi na uinyanyue kwenye mwanga. Ikiwa ni kama sharbati ya waridi iliyozidishwa maji, au unaona nyuzi ndogo nyekundu zinaelea, pumzika, kunywa maji, na katika siku moja au mbili itafifia. Kipimo ni lita mbili mpaka mbili na nusu kwa siku. Joto la kwetu linakausha mwili, na mkojo mzito humchoma mwenye kidonda. Kama una ugonjwa wa moyo au wa figo, kipimo chako akupangie daktari wako. Ikiwa mkojo ni mwekundu mzito kiasi kwamba huoni kidole chako upande wa pili wa chupa, au yanatoka mabonge ya damu, au haufifii baada ya kupumzika na kunywa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ukizibwa, yaani unataka kukojoa, tumbo la chini limejaa na linauma na hakitoki kitu, hiyo ni dharura. Ukizibwa usiku, usianze kwa kuwazia feri. Nenda kwanza kituo kilicho upande wenu wa Likoni wakuwekee mpira mkojo utoke, kisha ndipo uvushwe kama itahitajika. Homa ya kutetemeka, korodani kuvimba, mguu mmoja kuvimba au kifua kubana, nayo usiingoje asubuhi.

Hukuniambia kama unatumia aspirini au dawa nyingine ya kuifanya damu iwe nyepesi. Wazee wengi wa rika lako wanazitumia kwa ajili ya moyo. Kama zilisimamishwa kabla ya upasuaji, muulize daktari aliyekupasua siku ya kuzirudia; usizirudie wala usiziache kwa uamuzi wako.

Hilo la usaha limeniuma zaidi, kwa sababu linakula pesa za kijana wako bure. Kidonda cha ndani kikiwa kinapona, chembe nyeupe za damu humwagika kwenye mkojo, na huweza kuonekana kwa miezi hata mitatu. Maabara ikichungulia kwa hadubini itaziona kila siku utakayokwenda, itaandika usaha, na kemisti atakuuzia dawa ya bakteria. Wiki ijayo itakuwa hivyo tena. Kuungua kidogo wakati wa kukojoa katika wiki za mwanzo nako ni kwa kidonda. Kinachoamua kama kuna bakteria wa kutibiwa ni mkojo kuoteshwa maabara, yaani kuwekwa ili ionekane kama bakteria wataota, na majibu huchukua siku mbili au tatu. Kama huna homa, omba kipimo hicho kabla ya kununua dawa nyingine. Ile uliyokwisha kuianza, mpigie daktari wako umtajie jina lake akwambie umalize au uache.

Kuvuja. Kibofu chako kilisukuma mlango uliofungwa kwa miaka, kikajenga misuli na hasira. Sasa mlango uko wazi na kibofu bado kinasukuma kwa nguvu za zamani, huku msuli wa kuzuia mkojo ukiwa umelala kwa kukosa kazi. Kwa wengi huisha ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu. Wachache huchukua zaidi. Uamshe msuli huo: kaza kama mtu anayezuia upepo mbele ya wageni, hesabu mpaka tano, legeza, hesabu tano, mara kumi, na urudie hivyo mara tatu au nne kwa siku. Tumbo na makalio visikaze. Usifanye ukiwa katikati ya kukojoa. Kabla ya kukohoa au kuinuka kitini, kaza kwanza ndipo uinuke. Kahawa chungu ya barazani inachokoza kibofu, kwa hiyo ipunguze kwa sasa. Muguka na miraa ziache kabisa, zinabana njia ya mkojo, na vidonge vingi vya mafua hufanya hivyo hivyo. Ukipata mafua mwambie kemisti kwamba umepasuliwa tezi. Kuhusu sala na kutawadha ukiwa unavuja, mwone imamu wako bila haya. Nimeona wazee wanaacha msikiti miezi mitatu kwa jambo ambalo dini imeshaliwekea nafasi.

Tuje kwenye bili. Neno la kuuliza ni moja: ndani ya hiyo bei kuna nini? Kwa kawaida bei ya mkupuo inayotajwa ni ya chumba cha upasuaji, kitanda na mashine. Ada ya daktari bingwa na ya mtu wa ganzi huweza kuwa ndani au nje. Waya wa leza, ambao katika mashine nyingine hutumika kwa mgonjwa mmoja tu, huweza kuandikwa peke yake. Kupima nyama mara nyingi huwa nje, na hapo ndipo mlipokutwa. Kipimo hicho lakini msikijutie. Kile kilichobanduliwa lazima kitazamwe kama kina saratani, nanyi mfuatilie majibu mpaka muyashike mkononi, kwa maandishi. Rudini ofisi ya malipo mkaombe bili iliyochambuliwa mstari kwa mstari. Ni haki yenu, na makosa hupatikana.

SHA, yaani bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, hulipa kiwango kilichopangwa kwa aina ya upasuaji, na kinachozidi ni chako. Hospitali ndiyo huomba idhini kabla ya upasuaji, kwa hiyo mwulizeni mhasibu kama iliombwa na ilikubaliwa kiasi gani. Familia nyingi hukosea hapa: kijana akikatwa asilimia 2.75 ya mshahara, huo ni mchango wa nyumba yake, yaani yeye, mkewe na watoto wao. Wewe na mama, yaani mkeo, ni nyumba nyingine. Mtasajiliwa kivyenu, mtapimwa uwezo, na mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, unaolipwa kwa mwaka mzima. Hali yako unaweza kuiangalia kwa simu, *147#.

Gharama zilizobaki mbele yako, kama mambo yataendelea vizuri, ni chache: kurudi kliniki baada ya wiki sita hivi, kupimwa nguvu ya mkojo na mabaki kwenye kibofu, na kipimo cha damu cha PSA, kinachodokeza saratani ya tezi, kwenye mwezi wa tatu. PSA usiiruke ukidhani tezi imekwisha. Lile ganda lililobaki ndiko saratani nyingi za tezi huanzia. Na kuna kitu cha kupungua: dawa za tezi mlizokuwa mnanunua kila mwezi, muulizeni daktari mziache lini. Nimewakuta wazee mwaka mzima baada ya upasuaji bado wanazinunua kwa sababu hakuna aliyewaambia waache.

La chumbani, mzee wangu, si la kuonea haya, na lilipaswa kuelezwa kabla ya kutia sahihi. Mlango wa kibofu sasa uko wazi, kwa hiyo manii badala ya kuja mbele hurudi nyuma kwenye kibofu na kutoka na mkojo. Huwapata wengi wa waliofanyiwa upasuaji huu na kwa kawaida hubaki hivyo. Hakudhuru mwili, na nguvu za kiume kwa wengi hubaki kama zilivyokuwa. Kinachobadilika ni uwezo wa kuzaa, na raha yenyewe huweza kupungua kidogo. Ila kwa sasa kidonda ni kibichi mno, na kama mmeshakaribiana na mama, huenda hiyo nayo imechangia damu ya juzi. Ngojeni wiki sita zitimie. Na mweleze mama sababu, asije akadhani umemchoka.